Bangili ya Kibwana

Kila mgonjwa wa saratani anayeuguzwa nyumbani huvaa bangili inayopima maumivu. Ikifika nane, gari la hospitali huja kumchukua.

Mwanahawa alikuwa akimsafisha mumewe, Kibwana, vidonda vya mgongoni, bangili ilipotamka, “Saba.”

“Wakinichukua sirudi, mke wangu,” Kibwana alinong'ona.

Mwanahawa akamvua bangili, akaivaa mwenyewe, akaendelea kusafisha. Kibwana akauma shuka, machozi yakimtoka, na kila alipoguna, Mwanahawa alihisi moyo unampasuka.

“Nane,” bangili ikatamka mkononi mwake.

Gari halikukawia. Muuguzi akamshika Mwanahawa mkono. “Twende, mama.”

“Mgonjwa ni mume wangu! Bado sijamfunga bandeji.”

Muuguzi akachungulia chumbani. “Yule hana bangili,” akasema, akamfungulia mlango wa gari.