Rangi ya Mwaka Jana

Kila mwaka seremala humchora mkewe, hapo hapo jikoni, na kila mwaka huanza na rangi ya uso: kahawia, nyekundu kidogo, basi. Aweza kuikoroga hata amefumba macho.

Leo aliposogeza brashi shavuni kwa mkewe kulinganisha, rangi ilikataa. Akaongeza manjano. Akaongeza tena. Ikakubali.

Ndipo akamtazama machoni. Hata weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano.

“Mbona wanitazama hivyo, baba watoto?”

“Tangu lini?”

Mkewe alikunja kitambaa cha vyombo, kona kwa kona. “Mwezi wa pili huu. Wewe paka ile ya mwaka jana.”

Seremala akalaza brashi mezani bila kuiosha, akaenda kumtafutia viatu vya kwendea hospitali.