Yadi ya Makontena

Bi Shuweikha aliondoka mji wa kwao akiwa bi harusi, akarudi akiwa mjane mwenye mvi. Mama yake alizikwa yeye akiwa ng'ambo. Mtaa wa kale alikozaliwa ulikuwa umebomolewa wote ili bandari ipanuliwe, na mahali pake palimwagwa lami, yakapangwa makontena.

"Bibi, huku haruhusiwi mtu kuingia," alisema Kazungu, mlinzi wa geti.

"Nakwenda nyumbani, mwanangu. Sikai."

Kazungu alitaka kumkatalia, lakini sauti ile ilimvunja nguvu. Akafungua geti, akamfuata kwa nyuma.

Kwenye lami tupu Bi Shuweikha alikata kushoto pasipo na kona, akajibana kama mtu anayepita kwenye uchochoro mwembamba. Alikuwa akitaja majina: hapa kwa mshona kofia, hapa kwa Mwanaesha aliyekuwa akikaanga bajia. Tangu ashuke melini hakuwa amekutana na mtu hata mmoja anayemjua.

Mwishowe alisimama mbele ya kontena jekundu. Akavua viatu, akavipanga pembeni, akalitengeneza buibui lake.

"Hodi," aliita. "Mama, hodi."

Kreni zilinguruma. Akangoja, kisha akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo zaidi.

Kazungu alitazama huku na huku, akavua kofia yake.

"Karibu," alisema taratibu.

Bi Shuweikha hakugeuka. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya bati lililopata moto kwa jua, akalisukuma.