Viapo Vitatu kwa Guan Gong

Neno lenyewe lilisemwa kwenye foleni ya maandazi ya mvuke, na tangu hapo likamganda Mama Yuncui kama ruba. Jirani yake Miao alimwinamia sikioni akamwambia kuna mwanamume anakula mezani pake, na ng'ambo ya mto ana mke mwingine na mtoto. Nani kamwona? Miao hakuona. Aliambiwa na dada wa fundi viatu, naye aliambiwa na mtu asiyependa umbea.

Mama Yuncui hakuhitaji kuuliza ni mwanamume yupi. Binti yake alikuwa ameposwa na Geng Zhilin, dereva wa lori la matufaha, na harusi ilibaki wiki tatu. Dereva wa lori! Kila mzazi anajua walivyo. Kama ni kweli, Yuncui alikuwa anakwenda kuwa mke wa pili bila kujua. Kama si kweli na harusi ikavunjika, nani angemposa tena?

Alipomweleza mumewe, mume akasema maneno ya watu hayana mwisho. Huyo sasa ndiye mwanamume. Mwalimu mstaafu, hanywi, hachezi kamari. Kila Jumamosi huenda mtoni kuvua, na jioni hurudi na samaki waliokwisha kuparwa magamba na kutolewa matumbo, ili mkewe asichafue mikono. Mama Yuncui alizoea kumwambia binti yake kwamba akipata nusu ya baba yake, ashukuru.

Basi akaamua Zhilin aapishwe mbele ya Guan Gong. Jemadari yule wa kale hakuvunja kiapo hata alipokuwa mateka, ndiyo maana watu wakamfanya mungu, na ndiyo maana mpaka leo polisi na wezi wote humchomea udi, kila mmoja akimwombea mwenzake mabaya.

Shida ni kwamba alipouawa aligawanywa. Kichwa kimezikwa Luoyang, mwili uko Dangyang, na roho, wazee wanasema, ilirudi kwao Xiezhou. Mama Yuncui aliliwaza hilo usiku kucha. Mtu akiapa mbele ya kichwa peke yake, kesho atasema mkono wenye panga haukusikia. Ilibidi waende mahali pote patatu.

Mumewe akataja petroli. Akataja mgongo. Mwishowe akaendesha.

Luoyang kulijaa wageni. Zhilin alipiga magoti mbele ya kaburi la kichwa na kusema bila kuulizwa mara mbili, "Nina nyumba moja, jemadari, na paa lake linavuja. Mke sina. Ninayemtaka ni huyu hapa nyuma."

Yuncui, aliyekuwa hajasema na mama yake tangu alfajiri, akacheka. Mama yake hakucheka. Aliona kijana ameapa upesi mno. Mtu mkweli husita kidogo, akapima maneno. Baba Yuncui hakuona lolote kati ya hayo, maana magoti yalimuuma na alibaki garini kulinda mabegi.

Walipofika Dangyang, kwenye kaburi la mwili, Zhilin alikuwa amechoka na njia, akasita kidogo kabla ya kusema. Mama Yuncui akamnong'oneza binti yake kwamba mtu mkweli hasiti. Baba Yuncui, mvutaji wa pakiti mbili kwa siku, alisema moshi wa udi unamkaba kifua, akatoka nje kupata hewa.

Ikabaki Xiezhou, iliko roho. Mtunza hekalu alikuwa mama mmoja mwenye ufagio. Aliwatazama watatu wale, kisha akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Akaambiwa yuko kwenye gari, magoti yanamsumbua.

"Hapa jemadari yuko kwao," akasema yule mama. "Na nyumbani kwa mtu, mdogo haapi wakati mkubwa amekaa kwenye gari. Baba wa binti ataanza, kiapo kilekile, halafu mkwe."

Mama Yuncui alifurahi kupita kiasi. Angalau sasa huyu dereva ataona mtu safi anavyoapa. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akamshika mumewe mkono wa koti, akamleta. Akamkung'uta vumbi magotini kabla hajayakunja. Akamwashia vijiti vitatu vya udi na kumpa.

"Sema tu, Baba Yuncui. Nina nyumba moja na mke mmoja. Maneno yenyewe umeyaishi miaka thelathini."

Udi ukaungua. Majivu yakamwangukia kidoleni, hakuyapangusa. Zhilin, kwa adabu zake, akasema kama baba amechoka yeye yuko tayari kuapa kwa niaba yake. Mtunza hekalu akatikisa kichwa.

Mama Yuncui akamsukuma mumewe begani kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa ameze dawa.

Baba Yuncui hakumgeukia. Alimtazama yule jemadari mwenye uso mwekundu.

"Ana miaka sita," akasema. "Mwaka huu anaanza shule."

Akina mama mnaofunga safari ya huko msimu huu, epukeni haya:

Maji ya kisima cha hekalu, hata mkiambiwa yana baraka.

Kumwapisha mkwe mahali ambapo wakubwa hutangulia.

Kumtoa kwenye gari mtu aliyetulia.

Kwenda na gari moja.