Rangi ya Bomba la Gesi

Mkaguzi alishalikataa tanuri la mikate la Bi Chausiku mara mbili. Akilikataa na leo, mita ya gesi inang'olewa. Alipima waya wa ardhi uliofungwa kwenye bomba.

"Waya upo, lakini umeme haupiti kwenda ardhini," akasema.

Bi Chausiku akalitazama bomba. Kabla ya kila ukaguzi alilipaka rangi ya njano lipendeze, na kibano cha waya kilikaa juu ya rangi, isiyopitisha umeme.

"Subiri, baba. Usiandike."

Akafungua kibano, akakwangua rangi kwa kisu cha mkate mpaka chuma kikang'aa, akakaza upya. Mkaguzi akapima tena, akatia sahihi.

Wateja mlangoni wakapiga vigelegele. Bi Chausiku akawasha tanuri, vidole vimegandwa na rangi ya njano kama vya bibi harusi aliyepakwa manjano.