Mji Usio na cha Kuona

Salha aliingia mbio, hata viatu hakuvua. Likizo kazini imekubaliwa na viza zimetoka, yake na ya mama. Akatandaza ramani mkekani mbele ya mama yake, Bi Mgeni, akaanza kuchora kwa penseli: siku tisa, miji minne, treni kila asubuhi.

“Na huu je?” Bi Mgeni aliweka kidole pembeni, kwenye mji mdogo kabisa.

“Hapo hakuna cha kuona, mama. Na patakula siku mbili nzima.”

“Marehemu baba yako alisomea hapo. Aliniandikia anakaa juu ya bekari, ikifika alfajiri chumba kizima kinanukia mkate. Akaniahidi atanipeleka.”

“Bekari yenyewe labda walishaivunja zamani.”

“Basi nitasimama pale ilipokuwa.”

Salha alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akachukua kifutio, akaifuta miji miwili aliyoiota tangu chuoni.

“Alikaa ghorofa ya ngapi?”

Bi Mgeni aliinua mkono ukutani, akapima kwa kiganja, moja, mbili, tatu, akauacha hapo juu, kama anayegusa dirisha.