Fomu ya Wategemezi

"Ukijaza uongo, ajira tunaifuta," karani wa chuo alisema, akanisukumia fomu ya bima dirishani.

Kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya chuo hicho nilikuwa nimeipata asubuhi ile ile. Mwandiko wangu hausomeki, kwa hiyo nilimpa binti yangu kalamu aniandikie. Bima yenyewe nilikuwa naitaka kwa ajili yake na pumu yake. Mimi hata sindano naikimbia.

Aliandika jina lake polepole, ulimi nje, kwa mwandiko wa kuringia. Kisha kalamu ikasimama.

Chini ya jina palikuwa na visanduku viwili: mtoto wa kuzaa, mtoto wa kulea.

Dada yangu alifariki akimzaa, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikisema nitamwambia kesho.

"Dada, foleni hiyo!" mtu alinihimiza kutoka nyuma.

"Hapo ngoja kwanza, mwanangu. Nipe kalamu."

Hakunipa. Alitia tiki moja tu, kwenye "mtoto wa kulea", akanigeuzia karatasi.

"Weka sahihi, mama," alisema bila kuniangalia. "Watu wanasubiri."