Sensa ya Mondo

Panya walichoka kuliwa na mondo, yule paka wa porini mwenye madoa. Kila mwaka mwenyekiti wao, Buku, alituma panya ishirini nyasini wakahesabu mondo waliobaki.

Mwaka wa kwanza walirudi kumi na wawili. "Hatukuona hata mmoja, Mheshimiwa." Mwaka wa pili wakarudi saba. Nao hawakuona hata mmoja. Mwaka wa tatu alirudi mmoja, anahema. "Sikuona kitu."

Buku akapiga meza. "Mondo wamekwisha! Kesho tunahamia nyasini."

Kirukanjia, jirani yao mdadisi, akauliza, "Na wale ambao hawakurudi, wao waliona nini?"

"Wazembe wale!" akafoka Buku. "Nitawafuata mwenyewe, wanieleze."

Akatoka saa ileile, faili kwapani. Ripoti yake inasubiriwa mpaka leo.